Diski Chini ya Sombe

Ile mashine ilifika kwetu, mtaa wa Dilala, juu ya mkokoteni wa puspus, imefungwa blanketi, na bwana yangu anatembea kando yake ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka mgonjwa. Nikamwuliza itakaa wapi, maana nyumba zetu za kampuni zilikuwa na vyumba viwili na sebule ya kugeuzia kiti. Akasema itakaa juu ya meza ya kulia. Nikasema, na bukari tutakulia wapi, juu ya magoti? Akaanza kufungua blanketi. Ndivyo alivyokuwa: swali la chakula kwake halikuwa swali.

Alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi ya kampuni ya migodi, enzi ambazo watu wengi wa Kolwezi hawajui kompyuta inafanana na nini. Wakati mji wetu ulipoporwa, ofisi ilivunjwa, wakachukua viti, milango, hata nyaya za ukutani. Mashine hii moja iliachwa kwa sababu ilikuwa kuukuu, nzito, na skrini yake ilionyesha rangi ya kijani tu. Hata mwizi aliitazama akaona ni shida ya bure. Shefu wake, mkubwa wake ofisini, akaona heri ikae kwetu, na bwana yangu afanyie kazi nyumbani, asionekane barabarani.

Asionekane, kwa sababu ilikuwa miaka ile ya kufukuzana. Bwana yangu alizaliwa Kolwezi, lakini baba yake ndiye aliyeletwa na kampuni kutoka Kasai zamani, kuja kuchimba. Kasai yenyewe bwana yangu hakuwahi kuiona hata kupitia dirisha la gari moshi. Mi ni mtu wa hapa hapa Katanga, wa kaskazini, baba na mama. Miaka yote ya ndoa yetu jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu. Nilimcheka kwamba mama yake anachanganya unga wa mahindi na wa muhogo mpaka bukari inamng'ang'ania mtu kidole, naye ananiambia sisi wa kaskazini tunakula mahindi matupu kama kuku. Tunacheka, tunakula. Halafu siku moja utani ule ule ukawa siasa, ukatangazwa kwenye mikutano, na majirani wakaanza kutotazamana usoni. Watu wa Kasai warudi kwao. Mi nilikuwa najiuliza: kwao wapi? Huyu kwao ni hapa, kwenye meza hii anayonizibia na mashine yake.

Sikuelewa. Nasema wazi, sikuelewa kitu miezi ile. Migodi ilikuwa inakufa, mashimo yamejaa maji, mitambo imesimama, na watu badala ya kuuliza shaba imekwenda wapi wanauliza babu yako alitoka wapi. Gare, stesheni ya gari moshi, ilijaa familia zilizolala kwenye sementi zikingoja mabehewa. Kila asubuhi mlango mmoja wa mtaa wetu haufunguliwi tena.

Ndipo shefu akaja. Mtu mzima, mtu wa huku, aliyekula kwetu mara nyingi. Alileta diski laini ndani ya bahasha, diskete tulivyoziita, zimetoka Lubumbashi. Akaeleza kwamba wakubwa wanataka sistemu mpya iingizwe haraka kwenye mashine, na juu ya sistemu ile ikae programu mpya ya wafanyakazi, ya kujua nani yuko kazini na nani apewe poso. Poso ndiyo ule unga wa kampuni wa kila familia, na wakati ule ndio ulikuwa umebaki kuwa mshahara. Halafu akamtazama bwana yangu akasema maneno ambayo niliyashika kama rozari: "Ukifaulu, nitaandika kwamba kazi inakuhitaji. Muntu kazi inamuhitaji, habamufukuze."

Basi, maisha yetu yote yakaning'inia hapo. Mashine ikikubali, bwana yangu anabaki. Ikikataa, anapanda behewa.

Ilikataa siku ile ile. Aliweka diskete ya kwanza, mashine ikanguruma, ikaandika mistari ya kijani, ikanyamaza. Nikamwuliza imesema nini. Akasema imesema mashine hii ni ya zamani mno, haifai kupokea sistemu mpya. Nikauliza: anayesema haifai ni nani, mashine au hiyo diskete? Akasema diskete. Nikapandwa na hasira. Kitu kimetoka Lubumbashi ndani ya bahasha, kimeingia nyumbani mwangu, na kinatuambia nyumba haifai! Alicheka, nami nikagundua kwamba wiki nzima sikuwa nimesikia kicheko chake.

Alijaribu hiki na kile siku kadhaa. Alifungua mgongo wa mashine, akapuliza vumbi jekundu la mgodi wa Musonoi, akafunga. Mi napika nje kwa makaa, nachungulia dirishani, namwona ameinama tu. Halafu mchana mmoja akatoka uani, uso umebadilika, akanieleza. Ile diskete inauliza swali mlangoni tu, wakati wa kuingia. Ikishaingia haiulizi tena. Kwa hiyo dawa ni kuitoa diski kuu, ile ngumu iliyo tumboni mwa mashine, kuipeleka kwenye mashine mpya zaidi, kuingizia sistemu huko ambako haikataliwi, kisha kuirudisha diski hapa. Mashine yetu itaamka na kukuta sistemu imeshakaa ndani. Itakwenda polepole, lakini itakwenda.

Mashine mpya iliyokuwa nzima mjini tuliijua moja: ya masista wa misheni, upande wa Musonoi. Na kati ya Dilala na misheni vijana walikuwa wameweka vizuizi, wanauliza watu jina na kabila. Bwana yangu akifika hapo, hafiki kwingine. Tukatazamana. Mi nikasema, basi nifundishe.

Hapa lazima nieleze jambo moja la watu wa kampuni, maana wa nje hawalijui. Chini ya mgodi hakuna mtu aliyeruhusiwa kujua kazi peke yake. Udongo ukikuangukia, kazi isife nawe. Kwa hiyo mkubwa wa zamu alikuwa akimwuliza kila mtu, "Nyuma yako nani?" na wewe lazima utaje mtu uliyemfundisha. Asiyekuwa na mtu nyuma yake alionekana mchoyo, au mwoga wa kuondolewa, na watu walimdharau. Desturi hiyo ilipanda kutoka shimoni mpaka maofisini. Baba mkwe wangu alikuwa nayo, mwanawe akairithi. Kijana aliyekuwa nyuma ya bwana yangu alikwisha kukimbilia Kasai na mabehewa ya kwanza. Nikaingia mimi.

Alinifundisha juu ya ile meza. Kufungua skurubu, kuchomoa waya mpana wenye mstari mwekundu upande mmoja, kuurudisha bila kuugeuza. Diskete ipi inatangulia, mashine ikiuliza hivi unajibu vile. Alinifanya nirudie nimefumba macho. Nikikosea ananiambia polepole, mama, tuanze tena, na mi nikitaka kurusha kile kibisibisi uani. Sikuwa najua ninachokifanya. Nilikuwa najua kinafuata nini, basi.

Nikaifunga diski pamoja na zile diskete ndani ya kitenge, nikaiweka chini ya beseni, juu yake nikajaza sombe mbichi, nikajitwika. Nani anamtilia shaka mama na majani ya muhogo? Kizuizini vijana waliniuliza natoka wapi, nikawasalimu kwa Kiluba cha kaskazini, kile cha mama wa mama yangu, na mmoja akaniamkia kwa heshima. Nikapita.

Sista mwenye mashine alikuwa mzee, mtaratibu, na alinijua kwa sababu nilikuwa nashona mavazi ya kwaya. Hakuuliza mengi. Nilifungua mashine yake mbele ya macho yake, mwanamke mwenye harufu ya sombe, naye akafanya ishara ya msalaba akaenda kuandaa chai. Mashine ikaanza kuniuliza maswali kwa Kifaransa. Mi nilisoma Kifaransa shuleni, lakini Kifaransa kile hakuna mwalimu aliyenifundisha. Niliitika kama nilivyokariri. Mstari mmoja ukawa unajaa kwenye skrini pole pole, na mi nimekaa nautazama, nausalia, mpaka ukajaa.

Nikarudi nayo. Bwana yangu akairudisha tumboni mwa mashine yetu, akawasha. Ikanguruma vizuri, ikalia ile sauti yake ya kuamka. Skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha. Nyeusi. Akaweka sikio juu ya mashine, akasema inafanya kazi, nasikia inafanya kazi. Nikamwambia, kama inafanya kazi mbona imefumba macho? Wote wawili tulikuwa tumechanganyikiwa, na yeye kuchanganyikiwa kwake kuliniogopesha kuliko kwangu, kwa sababu kwangu nilikuwa nimekuzoea.

Siku hiyo hiyo akaja yaya yangu, kaka yetu wa kwanza. Hakukaa. Alisema nimwache huyu bwana kungali mapema, mi ni mtoto wa huku, hakuna atakayenigusa. Nikamwuliza na binti zangu wawili? Akatazama chini. Akasema watoto wanahesabiwa kwa baba, kwa hiyo hao nao wataitwa watu wa Kasai, isipokuwa mtu mkubwa awasimamie. Nilimfukuza na mwiko mkononi, kaka yangu mwenyewe, na majirani wakiona. Sikujali. Lakini maneno yake juu ya watoto hayakutoka nyumbani pamoja naye.

Asubuhi yake bwana yangu alikuwa anaoga uani, nikamwona anakuja mbio amejifunga taulo, sabuni masikioni. Alikuwa amepata. Sistemu ilijiandaa kwa skrini ya sista, ya rangi nyingi. Huku kwetu ilikuwa inaongea, lakini skrini yetu ya kijani haikuwa na uwezo wa kuonyesha lugha ile. Ilibidi nirudi misheni, niingie mahali fulani ndani ya sistemu, nichague skrini ya zamani kabla ya kuitoa diski tena. Akanifundisha mahali hapo, tukarudia, nikajitwika beseni.

Safari hii kizuizini hawakuwa wale wa kwanza. Kijana mmoja akaingiza mkono mpaka chini ya sombe, akatoa kitenge, akakifungua. Kitu cha chuma, kizito, kina namba. Wakakizunguka. Mmoja akasema ni cha kulipua, mwingine anataka kukigonga jiwe aone ndani. Hapo hofu yangu ikageuka hasira, sijui kwa nini, labda kwa sababu jiwe alilookota lilikuwa kubwa hivyo kwa kitu kidogo hivyo. Nikamwambia: "Piga. Njo poso ya kampuni iko mu ile kitu. Piga, halafu wende kuambia mama yako kama ni weye ulivunja unga yake." Wote pale mama zao walikuwa wanangoja unga. Akaweka jiwe chini, akanirudishia, na akanipangia sombe vizuri juu yake kama mtoto aliyetumwa sokoni.

Misheni nikachagua skrini ya zamani, nikarudi na diski, na mashine yetu ikawaka. Siwezi kueleza furaha ya ile jioni, herufi za kijani zinapanda moja moja, polepole, ungeweza kuchambua maharage yote mpaka programu imefunguka. Bwana yangu alikuwa anafuta macho anasema ni vumbi. Siku mbili alikaa nayo, akaipitia programu ya poso ukurasa kwa ukurasa, akaniita kila hatua nione na niguse. Nikajua kuandika mtu mpya, kubadili nyumba yake, kuongeza mtoto aliyezaliwa. Nilianza hata kuipenda.

Shefu akaja, akaketi kwenye kiti chetu kizuri, akatazama. Alifurahi, nilimwona. Aligonga meza kwa kidole, akasema kazi nzuri, kazi ya wazee. Halafu, kama ilivyo desturi, kama alivyouliza maisha yake yote, akauliza: "Nyuma yako nani?"

Bwana yangu hakusita hata kidogo. "Bibi yangu. Anaweza yote. Mi sikutoka mu nyumba, njo yeye aliingiza sistemu."

Kwa pumzi moja nilijisikia mkubwa. Mwanaume kumsifu mke wake mbele ya shefu, hayo hayakuwa mambo ya kila siku. Kisha nikaona macho ya shefu yanatoka kwake yanahamia kwangu, yanakaa.

Akasema taratibu, "Basi, mama atabakia. Batoto batabakia naye, mi mwenyewe nitabasimamia."

Nikauliza, na yeye? Shefu akaeleza kwamba na yeye ana wakubwa, kwamba wamemwambia kazi yoyote ambayo mtu wa huku anaiweza apewe mtu wa huku, kwamba angeweza kumtetea mtu ambaye hana mwingine nyuma yake. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hilo ndilo liliniuma kuliko matusi. Nilipaza sauti, nilimwambia amekula kwangu. Bwana yangu akanishika mkono, akasema, nimesikia, shefu.

Alipoondoka nilimgeukia. Kwa nini umenitaja? Akasema, aliuliza. Nikasema ungejibu hakuna, neno moja, hakuna, na leo ungekuwa mtu wa lazima! Akaniangalia kama nimemwambia aibe. Akasema mtu wa kazi hawezi kusema hakuna. Na ni kweli, sijamwona mtu wa kampuni aliyesema hakuna, hata mlevi. Huo ni ujinga wa kwetu tu, wa watu wa migodi. Lakini usiku na mchana fikra ya pili ilikuwa inanizunguka. Huyu alisikia maneno ya yaya yangu juu ya watoto. Alikuwa chumbani, mlango wazi. Labda alihesabu. Labda alinifundisha yote yale, kila ukurasa, kwa ajili ya swali lile. Nikimwangalia naona mjinga, nikimwangalia tena naona mtu mwerevu ambaye ameniuzia kitu bila kuniambia bei.

Nilimwambia nitakwenda naye. Alikataa. Kule gare watoto walikuwa wanakufa kwa surua na kuharisha juu ya sementi, tulisikia vilio kila tulipopeleka chakula kwa jirani zetu. Akasema wasichana wabaki, na wasichana hawawezi kubaki bila mama. Nikamfungashia nguo zake.

Alingoja behewa siku nyingi. Nilimpelekea bukari kila mchana, nimechanganya unga wa muhogo kama wa mama yake, naye akala yote. Gari moshi la kuelekea Kamina, njia ya Kasai, lilipofika, watu wanapitisha watoto madirishani, mi nilishika shati lake nikamwuliza mara ya mwisho: ulijua? Uliponitaja, ulijua atafanya nini? Alinitazama sana. Akasema, "Mama, usisahau kufunika mashine. Vumbi." Wakamvuta juu. Barua zake zilikuja baadaye kutoka Kasai, mpaka zikaacha kuja. Anaulizia wasichana, anaulizia mashine. Swali langu halimo hata katika moja.

Jumatatu shefu aliniletea kazi yangu ya kwanza. Waliopanda mabehewa waondolewe kwenye programu, poso yao isiendelee kutoka. Hapo ndipo nilipofahamu haraka ya wakubwa wa Lubumbashi ilikuwa ya nini. Unamtafuta mtu, unaomba aondolewe, na mashine inakuuliza sababu. Sababu zilikuwa tatu, hakuna ya nne. Moja, kifo. Mbili, pensheni. Tatu, kuondoka kwa hiari yake mwenyewe. Nikamwuliza shefu niweke ipi. Akasema tatu, mama, wote weka tatu.

Ukurasa ule bwana yangu aliupitia kabla yangu. Ni yeye aliyenionyesha mengine yote, huu hakunionyesha.

Nikaanza. Mwalimu wa binti yangu, tatu. Mpiga ngoma wa kwaya, tatu. Jirani wa mlango wa bluu, na mke wake aliyejifungulia gare, tatu. Nilikuwa nalia na kutukana, wasichana wakatoka nje wakaniacha. Kisha ikaja zamu yake, jina lake la kijani, nyumba yetu, watoto wawili. Nikaomba aondolewe. Mashine ikaniuliza: sababu?

Nilikaa mbele yake mpaka moto nje ukazimika na maharage yakabaki mabichi. Kwa hiari yake mwenyewe? Nilikuwa nimemshika shati nikamwuliza hivyo hivyo, na hakunijibu, na sasa naulizwa mimi. Nikibonyeza, nadanganya pamoja na wale waliomfukuza. Au nasema ukweli ambao yeye alikataa kunipa. Sikujua. Leo mi ni mzee, na sijui.

Nikabonyeza tatu. Mashine ikafikiri muda mrefu, kama kawaida yake, kisha ikakubali.